Mahadhi yaliyoachwa bila maneno: muziki wa klasiki wa Ayalandi na lugha yake

Mleta uzi

Ndugu wanajamvi, nawasalimu nyote.

Mwezi Julai mwaka 1792, katika ukumbi mmoja wa mjini Belfast, kijana wa miaka 19 aliketi na kalamu yake mbele ya wapiga vinubi kumi wa Ayalandi na mmoja wa Wales, wengi wao wakiwa wazee na vipofu, akaagizwa aandike kwa noti kila watakachokipiga. Kijana huyo ni Edward Bunting, na kazi aliyoijua ni kupiga kinanda kanisani. Waandaaji walikuwa wameona kwamba wapiga vinubi wa aina ile walikuwa wanakwisha, na kwamba kila aliyezikwa alizikwa na hazina yake, kwa kuwa muziki ule ulipokezanwa kwa sikio na kidole, si kwa karatasi. Mkubwa wao, Denis Hempson, alisemekana kuwa na miaka 97, na ndiye aliyekuwa bado akipiga kwa namna ya kale kabisa: alizidonoa nyuzi za shaba kwa kucha zake ndefu, wala hakutumia nyama ya kidole.

Bunting aliandika, na tangu siku zile hakuiacha kazi hiyo. Alitoa mikusanyo mitatu, wa kwanza mwishoni mwa miaka ya 1790, wa pili mwaka 1809 na wa tatu mwaka 1840, na bila yeye mahadhi mengi tunayoyasikia leo yangekuwa yamepotea. Lakini Bunting hakujua Kiayalandi. Nyimbo nyingi zilizomfikia zilikuwa na maneno, na maneno hayo kwake yalikuwa sauti tu. Kwa hiyo aliandika mahadhi peke yake, akayapangia mikono miwili ya piano ili mabibi wa mjini wayapige sebuleni. Ni haki niseme pia kwamba mwaka 1802 mjuzi mmoja wa lugha, Patrick Lynch, alitumwa kwa niaba yake mpaka Connacht, upande wa magharibi, kukusanya maneno kutoka kwa waimbaji wa vijijini, na alirudi na shehena nzuri. Hata hivyo, mkusanyo wa 1809 ulipotoka ulikuwa na mashairi ya Kiingereza yaliyotungwa upya, na karatasi za Lynch zikabaki kwenye makabrasha. Wakati huohuo, kuanzia mwaka 1808, Thomas Moore alianza kuyachukua mahadhi ya Bunting na mengineyo, akayavisha Kiingereza chake laini, yakaimbwa kwenye kumbi za London hadi yakawa ndiyo sura ya Ayalandi duniani.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Muziki wa klasiki wa Ayalandi, yaani ule unaotungwa na kuandikwa kwa ajili ya orkesta, kwaya na jukwaa la opera, ulianza safari yake ukiwa umebeba mahadhi yaliyotenganishwa na maneno yake, na kwa maoni yangu watunzi wake walionigusa zaidi ni wale waliorudi nyuma kuyatafuta maneno hayo.

Kwa nini maneno yawe jambo kubwa kiasi hicho? Sisi tuliolelewa na mashairi ya vina na mizani tunaweza kulielewa jambo hili kwa urahisi. Utungo wa Kiayalandi uitwao *amhrán* (neno lenyewe maana yake ni wimbo) hauhesabu mizani kama tunavyohesabu sisi, wala kina chake hakikai mwishoni tu. Kinachofungamanisha mishororo ni irabu za silabi zenye mkazo: mshororo wa kwanza ukipita kwenye irabu fulani kwa mpangilio fulani, mishororo inayofuata hupita njia hiyohiyo, hivyo sikio husikia vina vikitembea ndani ya mshororo mzima. Ndipo inakuja namna ya uimbaji iitwayo *sean-nós*, yaani namna ya kale. Mwimbaji husimama au huketi peke yake, bila ala, na katika nyimbo za taratibu hakuna pigo la kuhesabu. Urefu wa noti huamuliwa na neno, na mapambo ya sauti hujikunja pale ambapo irabu inaruhusu. Ukimpa mtu wimbo wa namna hiyo bila maneno, kisha akauwekea mistari ya kugawa mapigo kwa matatu au kwa manne, utakuwa umempa ganda la nazi bila nazi.

Mtunzi mkubwa aliyetangulia mgawanyiko huu ni Turlough O'Carolan, aliyeishi kati ya mwaka 1670 na 1738. Alipofushwa na ndui akiwa na umri wa miaka kama 18, bibi mmoja wa ukoo wa MacDermott Roe akamgharimia mafunzo ya kinubi, akampa farasi na wa kumwongoza njia, na maisha yake yote akazunguka nyumba za wakubwa akiwatungia nyimbo za kuwasifu. Yamebaki mahadhi yake zaidi ya 200. Ndani yake unasikia nyayo za Waitaliano wa wakati ule, hasa Corelli, zikitembea juu ya udongo wa Ayalandi. Lakini hata kwake yeye, mahadhi mengi yametufikia bila maneno yaliyoyazaa.

Karne ya 19 iliimaliza kazi. Shule za serikali zilizoanzishwa mwaka 1831 zilifundisha kwa Kiingereza, na njaa kuu ya 1845 hadi 1852 iliua watu wapatao milioni moja, ikawafukuza wengine zaidi ya milioni kuvuka bahari, na maeneo yaliyoumia zaidi yalikuwa yaleyale ya magharibi na kusini ambako lugha ilikuwa hai. Conradh na Gaeilge, chama cha kuihuisha lugha, kilipoanzishwa Julai 1893 chini ya Douglas Hyde, kilikuwa kinaokota vipande.

Mwaka 1897 jambo la kuvutia, na kwangu la kusikitisha kidogo, lilitokea Dublin. Zilianzishwa sherehe mbili mwaka huohuo: Oireachtas, ya watu wa lugha, na Feis Ceoil, ya watu wa muziki. Wengi walitumaini kingekuwa kitu kimoja. Badala yake Feis Ceoil iliegemea zaidi upande wa muziki wa Ulaya, piano na sauti zilizofunzwa, nayo Oireachtas ikabaki na waimbaji wa vijijini. Mgawanyiko wa Bunting ukapata majengo mawili.

Aliyejaribu kuishi kwenye majengo yote mawili ni Carl Hardebeck, ambaye habari zake zinanipendeza kuliko za mtu mwingine yeyote wa kizazi kile. Alizaliwa London mwaka 1869, baba Mjerumani na mama wa Wales, naye alikuwa kipofu. Alihamia Belfast mwaka 1893 kama mwalimu wa muziki na mpiga kinanda. Alipoanza kupanga nyimbo za Ayalandi alitambua kwamba hawezi kuyaelewa mahadhi bila lugha, akajifunza Kiayalandi akiwa mtu mzima, na kwa kuwa maandishi ya vipofu hayakuwa na utaratibu wa herufi za lugha hiyo, alijitengenezea mwenyewe. Mtu asiyeona, mgeni wa damu na wa mahali, ndiye aliyeona kile ambacho wenyeji wengi wenye macho hawakukiona. Baadaye alikabidhiwa shule ya muziki ya jiji la Cork na kufundisha muziki wa Ayalandi katika chuo kikuu cha huko.

Katika miaka hiyohiyo ilizaliwa opera. Robert O'Dwyer, mzaliwa wa Bristol mwenye wazazi wa Ayalandi, alitunga *Eithne* kwa maneno ya Kiayalandi yaliyoandikwa na padri Tomás Ó Ceallaigh kutokana na hadithi ya kijijini ya ndege mwenye sauti tamu. Iliimbwa mwaka 1909 kwenye Oireachtas, ikapandishwa jukwaani katika ukumbi wa Gaiety, Dublin, mwaka 1910, kisha ikalala zaidi ya karne moja. Niliposikia kwamba mwezi Oktoba 2017 iliimbwa tena na orkesta kamili katika National Concert Hall, Dublin, niliitafuta rekodi yake. Muziki wake una harufu kali ya Wagner, yule mtunzi wa opera wa Ujerumani, na sitajifanya kwamba kila ukurasa ni dhahabu. Lakini kuna mahali kwaya inapoingia kwa pamoja, na konsonanti nzito za Kiayalandi zinagonga pamoja na shaba za orkesta, nikafikiri: lugha hii ingeweza kuwa lugha ya opera kwa miaka mia moja yote hiyo, na hakuna aliyeijaribu vya kutosha.

Nitaendelea na Seán Ó Riada kwenye chapisho linalofuata, kwa sababu yeye hawezi kubanwa kwenye aya moja.

Mleta uzi (mwendelezo)

Alizaliwa Cork mwaka 1931 na kuandikishwa kwa jina la John Reidy. Alisoma muziki katika chuo kikuu cha Cork chini ya Aloys Fleischmann, mzaliwa wa Munich ambaye tungo zake za mwanzo alizitia jina la bandia la Kiayalandi, Muiris Ó Rónáin. Kijana Reidy alifanya kazi redioni, akakaa Paris kwa muda, akawa mkuu wa muziki katika Abbey Theatre, Dublin, na mwaka 1957 akaandika kazi ya orkesta ya nyuzi, *Nomos No. 1*, ambayo haikuwa na haja ya kumwomba radhi mtunzi yeyote wa Ulaya wa wakati huo.

Kisha ikaja filamu ya *Mise Éire* mwaka 1959. Jina lake maana yake ni "Mimi ni Ayalandi". Ni filamu iliyounganishwa kutokana na picha za zamani za harakati za kudai uhuru, maelezo yake yote yakiwa kwa Kiayalandi, na Ó Riada ndiye aliyetunga muziki wa orkesta. Alifanya jambo ambalo kwa maneno linaonekana dogo: alichukua mahadhi ya wimbo wa kale *Róisín Dubh*, "Waridi Dogo Jeusi", akalipa baragumu la orkesta liyapige polepole, peke yake, juu ya nyuzi zinazotetemeka. Wimbo huo kwa nje ni wa mapenzi, kwa ndani ni wa nchi. Watu walitoka kwenye sinema wamebadilika. Nchi ambayo ilizoea kuyasikia mahadhi yake sebuleni au kwenye baa iliyasikia kwa mara ya kwanza yakisimama wima katikati ya orkesta nzima.

Mtu mwingine angetunga *Mise Éire* nyingine kumi. Yeye alianzisha kundi la Ceoltóirí Chualann, akaketi kwenye hapsikodi, kinanda cha kale, kwa sababu sauti yake ya nyuzi zinazodonolewa ilimkaribia Hempson na kinubi cha shaba, akakileta mbele kidufu cha *bodhrán* ambacho wanamuziki wa heshima hawakukithamini, na kundi hilo likawa mbegu ya The Chieftains, kundi mashuhuri la muziki wa asili wa Ayalandi. Mwaka 1963 alianza kufundisha chuoni Cork, akahamisha familia yake kijijini Cúil Aodha, magharibi mwa Cork, mahali ambako Kiayalandi ni lugha ya jikoni na ya zizini. Huko akaunda kwaya ya wanaume wa kijiji, majirani zake, akawatungia misa kwa Kiayalandi, kwa kuwa Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa umefungua mlango uleule ambao kwetu uliingiza ngoma na Kiswahili kanisani.

Niliishi Cork kwa miaka miwili ya masomo, na Jumapili moja ya mvua nilipanda basi kuelekea milima ile, nikatembea sehemu iliyobaki. Kanisa ni dogo. Bibi aliyekaa kando yangu alinisalimu *Dia duit*, "Mungu awe nawe", nami nikajibu vilevile *Dia duit*; akanisahihisha kwa upole kwamba anayejibu huongeza, *Dia is Muire duit*, "Mungu na Maria wawe nawe". Nikamwambia kwetu nako aliyepewa shikamoo hajibu shikamoo. Kisha wanaume wakaanza kuimba. Hawakuimba kwa sauti nne kama kwaya zetu. Waliimba mahadhi mamoja, kwa sauti za chini zenye mikwaruzo, bila papara, na kila mwisho wa mshororo walingojeana kama watu wanaovuka mto kwa mawe. Sikuelewa hata robo ya maneno. Lakini nilielewa kwamba urefu wa kila noti ulikuwa ni urefu wa neno.

Ó Riada alifariki London tarehe 3 Oktoba 1971, akiwa na miaka 40 tu. Shindano kuu la uimbaji wa *sean-nós* kwenye Oireachtas leo linaitwa Corn Uí Riada, yaani Kombe la Ó Riada. Zingatieni: mtunzi wa orkesta ndiye aliyelipa jina lake shindano la waimbaji wasiotumia ala hata moja.

Mchangiaji, Nairobi

Mleta uzi, nakushukuru kwa uzi wenye nyama, lakini nina pingamizi. John Field, mzaliwa wa Dublin mwaka 1782, ndiye aliyeibuni nokturni, kipande tulivu cha piano ambacho baadaye Chopin alikitukuza, na alifia Moscow bila kuhitaji neno moja la Kiayalandi. Charles Villiers Stanford, naye wa Dublin, aliandika simfonia aliyoiita ya Kiayalandi mwaka 1887 na kuwafundisha watunzi wa Kiingereza akina Holst na Vaughan Williams. Je, hao si muziki wa klasiki wa Ayalandi? Isitoshe, *Mise Éire* unayoisifu haina mwimbaji kwenye lile baragumu. Na watu wenyewe wa Ayalandi wanazungumza Kiingereza. Naona kama unaifanya lugha iwe cheti cha kuzaliwa.

Mleta uzi

Pingamizi lako ni la haki na nitakubali nusu yake. Field ni wa Ayalandi na nokturni zake nazipenda. Sina haki ya kumnyang'anya uraia. Stanford pia. Nilichosema ni kwamba wanaonigusa zaidi ni wale waliorudi kwenye maneno, na hilo ni suala la sikio langu, nalikiri.

Ila kuhusu baragumu sikubaliani nawe. Waliokaa sinemani mwaka 1959 walikuwa na *Róisín Dubh* vichwani mwao, wengine kwa Kiayalandi cha shule, wengine kwa cha nyumbani. Baragumu lilipopiga, maneno yalikuwa kwao. Ni kama mpiga fidla wa taarab anapocheza utangulizi wa wimbo ambao ukumbi mzima unaujua: hajaimba mtu, lakini midomo tayari inatembea. Ukimpigia mgeni mahadhi hayohayo atasikia uzuri, hatasikia jina la mtu anayeitwa.

Kuhusu idadi ya wazungumzaji, sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu 1,873,997 waliosema wanaweza kuzungumza Kiayalandi, katika nchi ya watu zaidi kidogo ya milioni 5. Lakini waliosema wanakizungumza kila siku nje ya masomo ni 71,968. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo hali yenyewe. Katiba ya 1937 inaitaja kuwa lugha rasmi ya kwanza, Umoja wa Ulaya uliipa hadhi kamili ya kiutendaji tarehe 1 Januari 2022, na bado unaweza kukaa Dublin mwezi mzima usiisikie isipokuwa kwenye matangazo ya treni. Katika hali hiyo, wimbo unakuwa mahali ambapo mtu aliyekisahau Kiayalandi cha shule anakikuta bado kiko hai kinywani mwake.

Mfano mmoja unatosha. Ó Riada alichukua shairi la Peadar Ó Doirnín, mshairi wa karne ya 18 aliyefariki mwaka 1769, akalitungia mahadhi mapya: *Mná na hÉireann*, "Wanawake wa Ayalandi". Leo mahadhi hayo yamepigwa na kila aina ya ala, yamo hata kwenye filamu ya *Barry Lyndon* ya mwaka 1975, na watu wengi huapa kwamba ni ya kale. Si ya kale. Ni mtunzi wa karne ya 20 aliyelisoma shairi kwa lugha yake mpaka akasikia lilivyotaka kuimbwa.

Mchangiaji, Unguja

Assalaam alaykum. Mimi ni mpenzi wa taarab ya zamani na nimeusoma uzi huu kwa utulivu. Hilo la hapsikodi limenigusa, kwa sababu nasi tunayo kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya taarab, na mtu aliyezoea kanuni akisikia zile rekodi za Ceoltóirí Chualann atashtuka: nyuzi zinamwagika vilevile, kama shanga kwenye sinia. Nimezisikiliza jana usiku baada ya kusoma.

Swali langu ni hili: hayo mapambo ya sauti ya *sean-nós*, yanafundishwa? Kwetu mwimbaji hupambia kwa namna yake, lakini akipitisha mipaka wazee hutikisa kichwa. Je, nao wana mipaka? Na je, mtunzi wa orkesta anayaandikaje bila kuyaua?

Mleta uzi

Wa alaykum salaam. Mipaka ipo, na inatofautiana kwa mahali. Conamara, upande wa Galway, ndiko kwenye mapambo mengi. Mwimbaji kama Seosamh Ó hÉanaí wa Carna, aliyefariki mwaka 1984, aliweza kuipinda noti moja mara tano bila kuipoteza. Donegal, kaskazini, wanapendelea mstari ulionyooka zaidi. Munster, kusini, wako na namna yao, yenye pumzi ndefu. Mtoto hufundishwa kwa kukaa karibu na anayeimba.

Swali lako la pili ndilo gumu, na jibu bora nililolisikia limo ndani ya kazi ya Donnacha Dennehy, aliyezaliwa mwaka 1970. Mwaka 2007 aliandika *Grá agus Bás*, "Upendo na Mauti", kwa ajili ya kundi lake la Crash Ensemble na mwimbaji mmoja wa *sean-nós*, Iarla Ó Lionáird. Na Ó Lionáird anatoka wapi? Cúil Aodha. Aliimba akiwa mtoto katika kwaya ileile ya Ó Riada. Dennehy hakujaribu kumwandikia mapambo kwenye karatasi na kumlazimisha ayafuate. Alichukua nyimbo mbili za zamani, akaisikiliza sauti ya Ó Lionáird kwa makini mpaka ndani ya punje zake, kisha akaipa orkesta kazi ya kuizunguka: gitaa la umeme, nyuzi, pulizi, zote zikipanda taratibu kwa muda wa kama dakika 25. Mwanzo unafikiri ala zimemfunika. Ukisikiliza mara ya tatu unatambua kwamba zinatoka kwenye irabu zake. Baadaye aliandika *The Hunger*, kuhusu njaa kuu, ambamo sauti ya *sean-nós* inakaa kando ya soprano wa opera. Feis Ceoil na Oireachtas zimeketi meza moja, kama ni ruhusa kutania.

Mchangiaji, Bukavu

Naomba kuongeza jambo ambalo kwetu Kongo tunalifahamu kwa upande mmoja tu. Roger Casement, aliyekuwa konsuli wa Uingereza na ambaye taarifa yake ya mwaka 1904 ilifichua ukatili uliokuwa ukifanywa Kongo ya Leopold, alikuwa mzaliwa wa Ayalandi. Nilidhani habari zake zinaishia kwenye mpira na mikono iliyokatwa. Je, huyo ana uhusiano wowote na lugha mnayoizungumzia hapa?

Mleta uzi

Anao, na mwaka ni uleule. Mwezi Juni 1904, miezi michache baada ya taarifa hiyo kutolewa, Casement alikuwa kwao kaunti ya Antrim akisaidia kuandaa Feis na nGleann ya kwanza, sherehe ya mabonde ya kule yenye mashindano ya lugha, nyimbo, ngoma na michezo. Alikuwa akijifunza Kiayalandi kwa taabu, na alitoa fedha zake mwenyewe kwa shule ya kisiwa cha Tawin, Galway, ili watoto wafundishwe kwa lugha ya wazazi wao. Uingereza ilimnyonga tarehe 3 Agosti 1916 kwa sababu ya harakati za uhuru. Sherehe ile ya mabonde bado hufanyika.

Na kwa kuwa umenirudisha mwaka 1904, nitaje tukio lingine la mwaka huo linalohusiana moja kwa moja na hoja yangu ya mwanzo. Ndipo Charlotte Milligan Fox alipoanzisha Irish Folk Song Society huko London. Miaka michache baadaye alizipata karatasi za Bunting mikononi mwa wajukuu wa Bunting mwenyewe, na ndani yake yakawamo maneno yale ambayo Patrick Lynch aliyakusanya Connacht mwaka 1802. Kuanzia mwaka 1927 hadi 1939 Donal O'Sullivan aliyahariri katika jarida la chama hicho, wimbo mmoja baada ya mwingine, akioanisha mahadhi ya Bunting na maneno ya Lynch. Miaka 135 baada ya ukumbi ule wa Belfast, ndoa ikafungwa upya. Ninapoulizwa ni kazi gani kubwa zaidi ya muziki wa Ayalandi katika karne ya 20, wakati mwingine hujibu ni hiyo, ingawa haikuwa na noti hata moja mpya.

Mchangiaji, Moshi

Mimi ni mwalimu wa kwaya parokiani. Nimeipata rekodi ya misa ya Ó Riada na nimesikia "Baba Yetu" yake. Ni mahadhi mepesi kwa macho, lakini wanakwaya wangu walipojaribu, walikwama kwenye maneno mawili ya kwanza. Yameandikwa *Ár nAthair*, herufi ndogo n ikitangulia herufi kubwa A. Nilidhani ni kosa la uchapaji. Naomba msaada wa matamshi.

Mleta uzi

Mwalimu, si kosa la uchapaji. Kiayalandi hubadilisha mwanzo wa neno kama sisi tunavyosema ulimi na ndimi, ila wao hubadilisha kwa sababu ya neno linalotangulia. *Athair* ni baba. "Baba yangu" ni *m'athair*. "Baba yetu" ni *ár nAthair*: neno *ár*, "yetu", hulipachika n mbele ya irabu, nayo A inabaki kubwa ili msomaji aone jina liko wapi. Herufi th haitamkwi kama kwenye thelathini, ni h. Kwa hiyo waimbe "aar nahir", wakivuta ile aa ya kwanza, na r ya mwisho iwe nyepesi, isizae irabu nyuma yake. Najua hapo ndipo kwaya zetu zitakapotaka kuongeza i, nami niliongeza kwa miezi.

Kisha inafuata *atá ar neamh*, "uliye mbinguni". Mkazo wa *atá* uko nyuma, "a-taa". Mh ya mwisho katika *neamh* kusini husikika kama v. Na n zenu zisifanane: ile ya *nAthair* ni n ya nazi, hii ya *neamh* ni ny ya nyama. Wafundishe kwanza kwa kusema, bila mahadhi, mara kumi. Mkishaanza kuimba msihesabu mapigo; mngojeane mwisho wa mshororo.